Maswali ya wasomaji: Mbona muvi nzima wanalalamika tu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Juzi usiku nimeangalia muvi ya zamani ya Waingereza, The Way Ahead, nikijua naenda kuona vita, kumbe sehemu kubwa ni raia waliochukuliwa jeshini kwa lazima wanapigishwa kwata na kunung'unika. Si ilitengenezwa vita bado inapiganwa? Serikali ilikubalije? Na wanawake je, walichukuliwa nao au walibaki tu nyumbani?

JIBU: Ndugu yangu, umegusa muvi ninayoipenda kuliko zote za vita kwa hiyo nivumilie.

Manung'uniko ndio muvi yenyewe. Uingereza ilipitisha sheria ya kuandikisha wanaume wa miaka 18 hadi 41 siku ileile ilipotangaza vita, 3 Septemba 1939, kwa hiyo ukifika 1944 ukumbi wa sinema umejaa watu ambao mume au mtoto wao ameitwa, sasa hao uwaoneshe kijana anakimbilia kambini anacheka si wataguna, wao ndio waliokuwepo mlangoni siku anaondoka.

Walioiandika walijua wanachosema. Peter Ustinov alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa, David Niven aliyecheza yule luteni alikuwa ofisa kwelikweli, na jeshini watu wa vyeo hivyo hawakai meza moja, basi ikabidi Ustinov apewe kazi ya utumishi wa Niven ndio waweze kufanya kazi pamoja. Ustinov na mwandishi mwenzake Eric Ambler walikuwa wameshaandika filamu fupi ya jeshi ya 1943, The New Lot, ya kuonesha makuruti wapya, ikiongozwa na Carol Reed, huyohuyo aliyeongoza The Way Ahead, na hii uliyoiona imezaliwa humo.

Ukiirudia mtazame yule bosi wa duka kubwa na kijana aliyekuwa chini yake kazini. Jeshini wamevaa sare moja, wanafokewa na sajini mmoja, na bosi bado anataka aheshimiwe kama yuko dukani! Hapo muvi haielezi chochote, inakuachia uone uso wake tu, na mi naona inasema mengi kuhusu Uingereza ya wakati ule kuliko hotuba yoyote.

Propaganda? Ndiyo, ni propaganda, jeshi lilikuwa na mkono wake pale na sitakuficha. Kitu kinachoniuma ni walioachwa nje. Sheria ya Uingereza iliruhusu mtu kukataa kupigana kwa sababu ya dhamiri akajieleze mbele ya baraza, na karibu watu 60,000 walijiandikisha hivyo, lakini kwenye muvi hii kila mtu ananuna alafu mwisho anakubali. Ningependa japo mmoja tu angesimama akasema hapana.

Ila ule mwisho siwezi kuusema vibaya. Meli yao imeshapigwa, wamefika Afrika Kaskazini, vita yenyewe ni dakika chache, wanaingia kwenye moshi na bunduki zao hatuoni wanakoishia, na badala ya kuandika mwisho wakaandika mwanzo. Muvi ilitoka 6 Juni 1944, siku ileile majeshi ya Uingereza na wenzake yanatua ufukweni Normandy, Ufaransa, kupigana na Wajerumani, yaani mama amekaa kwenye kiti anaangalia moshi ule na mwanae huenda yuko ufukweni muda huohuo.

Wanawake sasa. Walichukuliwa, sheria yao ilikuja Desemba 1941, ikaanza na wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, na wangeweza kupelekwa jeshini, ulinzi wa raia au viwandani. Tafuta The Gentle Sex ya 1943, wasichana saba wanaingia jeshini, kisha Millions Like Us ya mwaka huohuo, ambayo kwangu ndio kali zaidi. Celia anaota sare nzuri za jeshi la anga, wanampeleka kiwandani kutengeneza vipuri vya ndege, anaolewa na kijana wa kwenye ndege za vita na kijana anakufa. Hakuna kilio kirefu. Anakaa kantini na wenzake, wanaimba wimbo wa kuchekesha wa bibi harusi aliyeachwa kanisani, ndege zinapita juu ya paa, na polepole anaanza kuimba nao.