Jibu: Filamu ya wanyonya damu ya kucheka, siyo ya kukosa usingizi

Habari za jioni ndugu. Kama nimekuelewa, Jumamosi mnakutana hapo Chikongola, mnataka filamu ya wanyonya damu, ila ile ya juzi ilimfanya mdogo wako alale na taa mpaka asubuhi.

Tafuteni What We Do in the Shadows, ya New Zealand, mwaka 2014. Wanyonya damu wanaishi nyumba moja Wellington, na ugomvi wao mkubwa ni zamu ya kuosha vyombo. Mmoja ana miaka 5 hajagusa sahani! Mwingine anatandika magazeti kabla ya kumng'ata mgeni, asichafue nyumba. Hapo mjomba wangu alimwaga bakuli zima la korosho kwa kucheka. Tuliiangalia Mikindani, shuka jeupe tumelifunga ukutani, upepo wa bahari unalivuta huku na huku.

Cha kuangalia kwanza ni umri wa mdogo wako. Baada ya yale magazeti damu inaruka kama bomba lililopasuka, na matusi yamo. Chini ya miaka 15 mimi nisingemweka.

Halafu wazee. Bibi aliposikia "mnyonya damu" aliwaza mumiani, maana alikua akitishwa nao. Nikakaa naye mkekani nikamtafsiria. Alipoona hawawezi kuingia klabu mpaka mlinzi awakaribishe, akatulia, akaitazama mpaka mwisho.

Spika iwe nzuri. Lafudhi yao ni nzito na utamu wote uko kwenye maneno.