Waranti ya kidato cha tano

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wapi tulikoanzia kupenda kusafiri, na safari gani tunaitamani sasa. Mimi nilianzia kwenye behewa la daraja la tatu, kwa gharama ya serikali. Mwaka 1984 nilichaguliwa kidato cha tano Morogoro, mimi mtoto wa Ujiji ambaye kufika Kasulu tu ilikuwa habari ya kusimulia wiki nzima. Enzi zile mwanafunzi alipangiwa shule mbali na kwao makusudi, tupate kuchanganyika, akapewa na waranti ya treni, hati ya kusafiria bila kulipa nauli. Nyumbani walinung'unika. Mimi tranka langu lilikuwa limefungwa zamani.

Usiku ule sikulala. Kila treni ilipopunguza mwendo nilichungulia nisome kibao cha stesheni: Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo. Majina hayo nilikuwa nimeyakariri kwenye jiografia, kumbe kila moja lina watu wake na biashara yake. Uvinza chumvi. Tabora asali, imetiwa kwenye chupa na kuzibwa kwa gunzi, na mabehewa ya Mwanza yakiungwa na yetu kwa kishindo kilichomwaga chai ya kila mtu.

Ukishapita Manyoni treni inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Saranda, na Saranda ni kuku. Haijasimama sawasawa, masinia yameshajaa madirishani. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alinionya: shika kuku kwanza, ndipo uachie hela, maana ukitoa noti kubwa treni itaondoka na chenji yako imebaki chini. Mama muuzaji naye alikuwa na kanuni yake, hela kwanza. Wakashikana hivyo hivyo, huyu kakamata paja, yule noti, mpaka filimbi ya gadi ikawaamua.

Mzee huyo ndiye aliyeniharibu. Aliniuliza kama naijua Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Nani wa Kigoma asiyeijua? Akanieleza kwamba meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye reli hii hii tuliyokuwa tukisafiria, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikachukuliwa na adui. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina tunalolijua. Honi yake nimeisikia tangu nabebwa mgongoni, wala sikuwahi kujiuliza imeingiaje kwenye ziwa lisilofikika kwa meli kutoka baharini. Tangu hapo sioni kitu nisitake kujua kimepita wapi.

Baadaye niliipanda hiyo Liemba hadi Mpulungu, Zambia. Nikapanda TAZARA, treni ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar hadi mwisho wake, Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Mshahara wa ualimu haukunifikisha mbali zaidi, na sioni unyonge. Anayesema kusafiri ni kwa wenye pesa amechanganya safari na hoteli.

Treni mpya ya umeme nayo nimeshaipanda, hii iliyoanza kwenda Dodoma 2024. Naisifu: safi, inawahi, haina vumbi. Ila madirisha hayafunguki, na vijana wanashuka Dodoma hawajui hata kama wamepita Kilosa. Labda ni uzee wangu unaosema.

Safari ninayoitaka sasa ni ya karibu. Pale Kaliua reli inachepuka kwenda Mpanda, tawi lililojengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Kaliua nimepita mara nyingi, karibu zote usiku, na hiyo njia ya Mpanda sijaikanyaga. Likizo ya mwezi wa sita nimemwahidi mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, kwamba tutaenda naye. Mama yake anashangaa: kutoka Kigoma basi linakwenda Mpanda moja kwa moja, nasi tunataka kuzunguka hadi Kaliua na kubadilisha treni. Anasema kwa basi tutawahi. Tukishawahi Mpanda tukafanye nini, hajatuambia.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji