Kamomili badala ya ukoka: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama hapa Uingereza unaweza kung'oa ukoka wote wa nyuma ya nyumba, upande kamomili, na mashine ya kukata majani uigawe. Mimi ninayo na naipenda mno. Jioni ya kiangazi ukiikanyaga pekupeku inatoa harufu ya tufaa lililoiva. Mashine kweli utaigawa, ila kazi haiishi. Utaifanya kwa magoti na vidole.

Kwanza aina. Kamomili ya Kijerumani, ambayo wengi tunainywa kwenye chai, inasimama wima, inachanua na kufa mwaka huohuo. Hiyo haifai hapa. Unayoitaka ni ya Kirumi, Chamaemelum nobile, inayotambaa na kuishi miaka. Tafuta hasa aina yake iitwayo 'Treneague', iliyotokea Cornwall. Haitoi maua, inabaki fupi, ndiyo maana mkasi mara moja mwishoni mwa kiangazi unaitosha. Na kwa kuwa haichanui, haina mbegu: atakayekuuzia "mbegu za Treneague" anakuibia. Inazaliwa kwa kugawanya mashina, kwa hiyo utanunua miche, na hapo ndipo mfuko unapouma. Ukipanda kila sm 10, mita moja ya mraba inakula miche 100. Kwa sm 15 inatosha kama 45, lakini nafasi zilizobaki wazi magugu yanazikalia kabla ya kamomili kuzifikia. Mimi ningebana.

Magugu ndiyo habari yenyewe. Dawa ya magugu ya ukoka imetengenezwa kuua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Kamomili si nyasi. Ukiipulizia dawa hiyo, umeiua. Basi kila jani la nyasi linalochomoza utaling'oa kwa mkono, na mwaka wa kwanza ni mengi. Kabla ya kupanda, chimbua eneo lote, toa kila mzizi wa ukoka, uache wiki kadhaa magugu yaliyolala yaote, uyatoe tena. Usiharakishe hatua hii hata kama miche imeshafika; iweke kwenye vyungu isubiri.

Udongo uwe mwepesi, wa kichanga, na jua la kutosha. Udongo wa mfinyanzi unashika maji wakati wa baridi na mizizi inaoza. Changanya changarawe nyingi, au achana na wazo hili. Chini ya mti pia achana nalo. Panda majira ya kuchipua, mwagilia, na msiikanyage kwa takriban miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo inavumilia kupitiwa mara mojamoja, si watoto wa mpira. Sehemu zitakufa hapa na pale, hilo ni la kawaida: gawanya mashina yenye afya, ujaze.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiondoe ukoka wote. Chukua kipande kidogo karibu na mahali unapokaa, au upande katikati ya vigae vya njia. Pale kwenye bustani ya Sissinghurst, Kent, kuna hata kiti cha mawe kilichooteshwa kamomili, na harufu unaipata ukikaa tu. Buckingham Palace wana uwanja wa kamomili, lakini wana watunza bustani wa kuajiriwa.

Kama shida yako ni kuchoka na nyasi tu, fikiria mchanganyiko. Mtafiti Lionel Smith wa Chuo Kikuu cha Reading alifanyia kazi viwanja visivyo na nyasi kabisa, vya mimea mingi mifupi inayochanua, na kimoja kilipandwa Avondale Park, London, mwaka 2013. Nyuki wanafaidi, jambo ambalo Treneague isiyo na maua haiwapi.

Na walioko Dar walioniuliza pembeni: hii ni mmea wa baridi. Bakini na ukoka wenu.

Mkuu, weka picha ya udongo wako baada ya mvua, na useme jua linakaa hapo saa ngapi kwa siku. Nitakuambia kama ununue miche au la.