RSI kusoma 28 peke yake hakutoshi kununua hisa

Mkuu uliyeko Newala, umeuliza: hela ya korosho imeingia, RSI (kipimo cha kasi ya bei kinachosoma kati ya 0 na 100) ya hisa moja pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, imeshuka hadi 28, je, uingie na fedha yote? Mimi niko Mtwara mjini, nanunua hisa kwa kumpigia simu dalali wangu aliyeko Dar es Salaam, na vipimo hivi vya kasi ya bei navitumia kila wiki. Jibu langu ni usubiri kwanza. Hiyo 28 imetokana na nini?

RSI aliitoa J. Welles Wilder mwaka 1978. Inachukua vipindi 14 (siku au wiki, kutegemea chati yako), inatafuta wastani wa bei kupanda na wastani wa bei kushuka, kisha inalinganisha. Wastani wa kupanda ukiwa shilingi 6 na wa kushuka shilingi 3, uwiano ni 2 na RSI inasoma karibu 67, yaani 6 kati ya jumla ya 9 kwa asilimia. Ikivuka 70 watu husema hisa imenunuliwa kupita kiasi, ikiwa chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi. Sasa ona: kila kitu hapo ni bei. Hisa ngapi zimeuzwa, hesabu haiulizi.

Na kwa soko letu hilo ndilo swali lenyewe. Hisa za benki za CRDB na NMB zina wauzaji na wanunuzi wengi. Lakini zipo kampuni kama Twiga ya saruji, ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake ziko kwa kampuni mama, kwa hiyo zinazozunguka sokoni ni chache. Chukua hisa ambayo bei yake imelala vipindi 13. Kipindi cha 14 mtu mmoja anadaiwa ada ya shule, anauza hisa zake chache kwa haraka, bei inashuka shilingi 20. Kushuka kupo, kupanda hakuna. Kwa wastani wa kawaida RSI itasoma 0! Ukiitazama chati utadhani soko zima limekimbia, kumbe ni mzazi mmoja tu. Sisi wa Kusini tusingepaswa kudanganyika hapa, maana kwenye mnada wa korosho ukitajiwa bei, cha pili unauliza ni tani ngapi zimechukuliwa kwa bei hiyo.

Kwa sababu hiyo chati ya siku kwa hisa zetu nyingi siigusi. Natumia ya wiki, na chini yake naweka idadi ya hisa zilizouzwa. Wiki ambayo bei imesogea kwa mauzo madogo kabisa siipi uzito wowote.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Tarehe ya kupata haki ya gawio ikishapita, bei hushuka kwa kawaida, kwa kuwa mnunuzi mpya halipati. RSI inashuka nayo, na hakuna aliyeikimbia kampuni. Angalia tarehe hiyo kabla ya kuita 28 ishara.

Halafu mwelekeo. Hisa inayoporomoka kweli inaweza kukaa chini ya 30 muda mrefu, na kila wiki ikaonekana rahisi kuliko wiki iliyopita. Ishara ninayoiamini zaidi ni tofauti na hiyo: bei ya wiki iko juu ya wastani wake wa wiki 40, RSI inapumzika hadi kwenye 40 na kitu, kisha inageuka kupanda huku mauzo yakiongezeka. Hapo ndipo naitazama MACD, kipimo cha Gerald Appel: mstari wake ni tofauti kati ya wastani wa bei wa vipindi 12 na wa vipindi 26, na mstari wa ishara ni wastani wa tofauti hiyo kwa vipindi 9. Mstari wa MACD ukikata ule wa ishara kwenda juu, nampigia dalali. Usipokata, nasubiri, hata kama roho inauma.

Ukifika hapo, mpe dalali bei ya mwisho unayokubali kulipa, na ununue kwa mafungu. Hela ya salfa (dawa ya mikorosho) na ya kupalilia usiiingize kabisa: hisa isiyo na wanunuzi inaweza kukuchukua wiki kadhaa kuiuza, na mikorosho haisubiri. Weka hapa jina la hisa hiyo na mauzo yake ya wiki za karibuni, tuipitie pamoja.