Usingizi wa Siku Tatu na Miezi Iliyofuata: Kumuuguza Mraibu wa Vidonge vya Kukesha

Mdogo wangu wa kiume alianza kumeza vidonge vya kukesha akiwa utingo wa lori lililobeba mawese na dagaa kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, kwa sababu dereva wake alivimeza na tajiri alihesabu safari, hakuhesabu usingizi. Baada ya miaka miwili alikuwa dereva yeye mwenyewe, amekonda, anasaga meno hata akiwa kimya, na usiku huzunguka nyumba yetu ya Ujiji akihakikisha kwamba hakuna mtu aliyejificha nyuma ya banda la kuku. Ninawaandikia ndugu wanaomuuguza mtu wa namna hiyo, hasa kuhusu kipindi ambacho hakuna aliyenieleza habari zake, yaani kile kinachofuata baada ya kuacha.

Alipoacha alilala siku tatu, akiamka kunywa uji na kwenda msalani tu. Tulifurahi, tukidhani sumu inatoka. Wiki ya pili usingizi ulipungua, lakini mtu tuliyemfahamu hakurudi. Mama alimkaangia migebuka, aina ya samaki ambayo aliipenda tangu utotoni, alimega kipande, akakitafuna muda mrefu, kisha akasukuma sahani taratibu na kusema, "Nisamehe mama, sisikii ladha yoyote." Mimi nilimwambia mbele ya majirani kwamba ni mvivu na hana shukrani. Maneno hayo ninayajutia mpaka leo, kwa kuwa nilikuwa nikimlaumu mgonjwa kwa jeraha lake.

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo seli huitoa kwa kiasi tunapokula, tunapofanikiwa au tunapotarajia jambo jema, kisha vilango maalumu huirudisha ndani ya seli ili itumike tena. Amfetamini, dawa ya jamii ya vidonge hivyo vya kukesha, huingia kwa vilango hivyohivyo, huimwaga dopamini kutoka ghalani mwake, na kuvigeuza vilango vitoe badala ya kurudisha. Ubongo uliozoea gharika hiyo hupunguza vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea dopamini, na methamfetamini, dawa ya jamii hiyohiyo iliyo kali zaidi, huweza kuharibu hata ncha za seli zenyewe. Ndiyo maana migebuka haikuwa na ladha.

Mwaka 2001, mtafiti Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo watu watano waliokuwa watumiaji wa methamfetamini, mara ya kwanza muda mfupi baada ya kuacha na mara ya pili wakiwa wameacha kwa miezi 12 hadi 17. Vilango vya dopamini vilikuwa vimeongezeka, ingawa kumbukumbu na wepesi wa viungo havikuwa vimerudi kwa kiwango hicho. Ni watu wachache, lakini kwangu matokeo hayo yalikuwa faraja kubwa: uponyaji upo, nao huchukua mwaka na zaidi.

Jirani mmoja alitushauri tutafute methadoni, ambayo imewasaidia vijana wengi tangu ianze kutolewa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni tiba ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Kwa amfetamini haifai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini, ulijaribu sindano ya naltreksoni kila baada ya wiki 3 pamoja na vidonge vya bupropioni kila siku: asilimia 13.6 waliitikia tiba, dhidi ya asilimia 2.5 ya waliopewa dawa bandia. Ni hatua ya kweli, ila bado ni ndogo.

Njia iliyoonyesha matokeo bora zaidi si dawa. Mgonjwa hupimwa mkojo mara kwa mara, na kila akikutwa hajatumia hupewa zawadi papo hapo, ambayo huongezeka kadiri anavyoendelea. Sisi hatukuwa na kipimo, kwa hiyo siwezi kusema tulimpa tiba hiyo. Tulichukua kanuni yake tu, kwamba ubongo uliochoka hauwezi kungoja thawabu ya mwisho wa mwezi. Shemeji anayeanika dagaa Kibirizi alikubali kumlipa ujira wake kila jioni, na sehemu kubwa tuliomba iwe unga, sabuni au viatu, kwa sababu fedha taslimu mkononi ilikuwa ikimkumbusha muuzaji wa vidonge.

Kuna mambo yasiyongoja. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake hata dakika moja, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana sonona ya kipindi hiki huua. Maumivu ya kifua na maluweluwe nayo ni ya hospitali, si ya kuombewa nyumbani pekee.

Mwezi wa kumi na nne aliomba kurudi barabarani. Nilikwenda naye kwa tajiri mpya, nikaeleza mbele yake kwamba mdogo wangu haendeshi usiku. Sasa anapeleka mizigo Kasulu, na giza likimkuta huko, hulala huko.