Bundi na maua ya mikorosho yaliyonyauka

Ndugu yangu wa Newala, pole. Unasema bundi alilia shambani siku tatu, kisha maua yakawa meupe kama yamepakwa majivu, yakakauka. Ya jirani yamepona, na mganga anataka mbuzi. Tafadhali mbuzi abaki zizini.

Huo weupe ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na upepo, hasa miezi ya baridi na umande, Juni hadi Septemba. Bundi alifuata panya. Muulize jirani alipuliza salfa, dawa ya kukinga ukungu, lini, kabla hujamdhania chuma ulete, yaani mchawi wa kuiba mavuno. Tuhuma ya namna hiyo huvunja ujirani, na watu wameuawa kwa sababu hiyo.

Salfa ya unga hukinga, haifufui ua lililokauka. Anza maua yanapochomoza: gramu 250 kwa mkorosho mkubwa, kila baada ya siku 14, mizunguko mitano. Puliza alfajiri, umande ukiwapo na upepo umetulia. Jua likipanda, unga unapeperuka tu. Vaa miwani na barakoa, na usivute sigara karibu, salfa inashika moto. Kabla ya msimu kata machipukizi ya ndani ya mti, maana ukungu huanzia humo.

Kama machipukizi yana madoa meusi na kufa kuanzia nchani, huenda ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na salfa haimuui. Peleka tawi kwa afisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, Mtwara, kabla ya kununua kiuatilifu chochote.