Kabla Hujachora Bawa, Uliza Pa Kuegesha

Hapa Magongo, Mombasa, tunalala na ndege. Ya alfajiri ikipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi, vikombe vinagongana kabatini. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye kikundi cha utafiti cha wanafunzi wa nchi tatu, tusanifu ndege ya abiria 70 inayotumia hidrojeni, nilijiona mwenyeji wa mambo. Wiki tatu hazikuisha nikawa nimewaharibia kazi wenzangu wote.

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuingia miradi ya aina hii, maana kila mara naulizwa hesabu zipi zisomwe. Hesabu mtazisoma tu. Kilichonishinda mimi ni majirani.

Nilipewa bawa. Hewa iliyo chini ya bawa hukimbilia juu kupitia nchani, ikajizungusha kama maji nyuma ya kasia, na mzunguko huo wa bure hulipiwa mafuta. Bawa likiwa refu na jembamba, hasara hiyo inapungua. Basi nikarefusha. Nikafika mita 38 kutoka ncha hadi ncha, nikatuma mchoro saa nane usiku, bando linakata roho.

Asubuhi mwenzetu wa matangi akajibu kwa mstari mmoja: bawa lako liko mbele mno, hukusoma faili langu?

Sikulisoma. Hidrojeni ya kimiminika inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na kwa nguvu ileile inataka nafasi kama mara nne ya mafuta ya taa ya ndege. Haikai ndani ya mabawa kama mafuta ya leo. Inataka matangi ya duara yaliyofungwa vizuri yasipate joto, na yetu yalikuwa mkiani. Uzito ukirudi nyuma, bawa nalo lirudi nyuma, la sivyo unapata mashua iliyopakiwa tezi peke yake. Yote hayo dada yule aliyaandika wiki ya kwanza. Mimi niliona faili la matangi si langu.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiguse programu ya kuchora. Soma mafaili ya wale wawili watatu ambao kazi yao inagusana na yako, kisha wapigie. Piga simu hasa, usitume barua pepe: mtu akiandika hukificha asichokijua, akizungumza utamsikia anakohoa.

Pigo la pili lilinipata barazani, kwenye kahawa chungu. Jirani yangu wa ukuta mmoja hupakia mizigo uwanjani. Nikamwonyesha mchoro kwenye simu, najisifu kidogo.

"Mita ngapi hizi?"

"Thelathini na nane, kaka."

"Itaegeshwa wapi?"

Nikanyamaza. Viwanja hugawa ndege kwa madaraja kulingana na upana wa mabawa, na daraja C, la ndege nyingi za safari fupi, linaishia chini ya mita 36. "Yaani," akasema, "abiria sabini wakakae pale pa midege mikubwa?"

Wakubwa wa kazi hii hawalisahau swali hilo. Boeing 777X inakunja ncha za mabawa ardhini, kutoka karibu mita 72 hadi karibu 65. Flying-V, ndege ya umbo la V iliyobuniwa na Justus Benad akiwa mwanafunzi Berlin na kuendelezwa na chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, pamoja na shirika la ndege la KLM, imepewa upana uleule wa ndege ya Airbus A350 ili itumie maegesho yaliyopo. Mfano wake wa kilo 22.5 uliruka mwaka 2020.

Msidhani yetu itaruka kesho. Airbus, iliyosema mwaka 2020 kwamba ingekuwa na ndege ya hidrojeni kufikia 2035, imeshasogeza tarehe hiyo mbele.

Ila nanyi wa Pwani msiende mikutanoni kimyakimya. Hesabu zetu zote zilianza na nyuzi 15 usawa wa bahari, ndiyo hali ya kawaida ya vitabu. Nikauliza: bahari gani hiyo? Februari hapa saa nane mchana ni zaidi ya 30, hewa nyepesi, bawa linabeba kidogo na injini inapumua kwa shida. Nairobi nako uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu. Tulirudia hesabu za kupaa zote, na njia ya kurukia ikatoka ndefu kuliko tulivyoandika. Hilo hakuna aliyekuwa nalo ila mimi, na sikulipata darasani.

Ncha sasa zinakunjwa, tumeshuka hadi mita 35.5, na bawaba zimeongeza kilo ambazo mwenzetu wa uzito bado ananinunia. Juzi nikampelekea jirani mchoro mpya. Akautazama mkia, palipo na matangi.

"Na mabegi nitayapakia wapi?"

Jumamosi tuna mkutano. Nimeliweka la kwanza kwenye ajenda.